Nyumba Moja, Mistari Miwili

Mtaani walimwita Mama Pasi, na hakuna aliyemwita hivyo kwa kumdhihaki. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka ya hospitali, kazi aliyoianza akiwa bado msichana. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha la maana, mvuke umetanda, mashine zinanguruma mpaka watu wamezoea kusemezana kwa mikono. Yeye na mwenzake walishika shuka, kila mmoja na upande wake, wakaliingiza katikati ya roli mbili za moto, mapipa ya chuma yanayozunguka, kisha wakaenda kulipokea ng'ambo likiwa limekauka na kunyooka. Mashuka mengine yalifika na madoa ambayo hata sabuni kali ilikuwa imeshindwa nayo. Hakuuliza yametoka wodi gani, kwa sababu akiuliza angelala na majibu.

Alikuwa mwoga, tusimfunike kwa maneno mazuri. Aliogopa lifti, aliogopa simu inayolia watu wakiwa mezani, aliogopa mtu yeyote anayeanza kwa kusema "nina jambo langu dogo nataka tuongee." Kwenye mikutano ya mtaa alikaa nyuma karibu na mlango, mkoba mapajani, akiomba asiulizwe kitu. Watu wa namna hii ni wengi kuliko tunavyokubali, ila wengine tumejifunza kupiga kelele ili tusijulikane.

Mumewe alifundisha watu kuendesha gari, kwa hiyo wote tulimwita Mwalimu. Gari lake lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwake, na kazi ile ilikuwa imemwingia mwilini hata nyumbani. Akiwa kwenye kochi anatazama taarifa ya habari, akisikia jambo asilolipenda, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu. Alikuwa mtu wa msimamo. Akishasema kitu kimesemwa, na mkewe alifuata nyuma, si kwa kupigwa wala kutishwa, ila kwa sababu kufuata kulimpumzisha.

Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Alipewa jina la baba mzazi wa Mwalimu, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumtaja mzee kwa jina, mtoto akaitwa Babu tangu akiwa kwenye nepi. Basi utasikia, Babu amekojoa kitandani, Babu hataki kwenda shule, na wageni wanakodoa macho. Alikua vizuri, mtoto wa mashavu na vicheko, akajifunza kutengeneza simu, akapata kibanda chake. Halafu akaanza kuvuta vitu vya kulevya. Mambo hayo yakiingia nyumbani hayabishi hodi. Redio ilitoweka, mtungi wa gesi ukatoweka, na siku moja betri ya gari la Mwalimu ikatoweka, mwanafunzi akiwa ameshakaa kwenye usukani tayari kwenda kwenye mtihani wake. Jioni ile Mwalimu alisimama mlangoni akamwambia mwanawe, "Ukivuka kizingiti hiki tena, mmoja wetu atatoka amebebwa." Kijana akaenda zake bila hata begi.

Miaka ilipita, na tangu siku hiyo jina halikutajwa. Zamani Mwalimu alimwita mkewe Mama Babu. Sasa alimwita "wewe," au "sikia," au hakumwita kabisa.

Mtaa wao ulizungushiwa ukuta. Lango kubwa lilikuwa mbele, kwenye barabara ya lami, na nyuma kulikuwa na kilango cha chuma kinachotokea kwenye njia ya vumbi, ambako watumishi, mafundi na watu wanaotembea kwa miguu walikata njia kwenda kituoni. Mama Pasi alirudi kutoka kazini kwa njia hiyo. Na hapo ndipo Babu alipokuwa anamsubiri, jioni baada ya jioni, hata siku ambazo mama hakwenda kazini, upande wa nje, mgongo ukutani, kofia ya sweta imefunika uso. Mama yake alimpa chakula kilichobaki kwenye kantini ya hospitali, mara nyingine soksi, mara nyingine dawa ya vidonda. Hawakuongea sana. "Umekula jana?" "Nimekula, mama." Wote wawili walijua kwamba huo ni uongo. Kisha anaingia ndani ya ukuta na kwenda nyumbani kumpikia mumewe, akitazama nyuma kama mtu aliyetoka kuiba.

Alichokiogopa hakikuwa mumewe peke yake. Miezi michache nyuma, majirani walimkuta mwanamume mmoja amesimama karibu na ukuta wa nyuma jua likizama. Hawakumuuliza. Walimpiga mpaka akashindwa kulia, na kesho yake ikajulikana kwamba alikuwa fundi bomba anayeitafuta nyumba aliyoelekezwa. Watu wakasema bahati mbaya, wakachanga kidogo, wakaendelea na maisha yao. Fundi alilazwa hospitali ileile, na Mama Pasi aliyaona mashuka yake. Yalifika kwenye roli pamoja na mengine, na kwa mara ya kwanza aliuliza, akajua doa ni la nani.

Sasa ukaja uchaguzi wa mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba.

Mkutano ulifanyika Jumapili alasiri kwenye uwanja wa shule ya chekechea iliyoko katikati ya mtaa, chini ya turubai, watu wazima wamekaa kwenye madawati yanayowafikia magotini. Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Meja, askari mstaafu, kifua mbele, viatu vinang'aa. Vita alivyopigana hakuna aliyewahi kuvisikia, na wenye ndimi walisema alimaliza utumishi wake ghalani akigawa mablanketi, lakini sauti alikuwa nayo. Wa pili alikuwa Mkunga, mama mzito, mpole, aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa ule na hivyo kuwajua wapiga kura wake kwa namna ambayo hawakupenda kukumbushwa. Msimamizi alikuwa Mfamasia, mtu wa miwani na taratibu.

Mkunga alisema maneno machache. Kilango cha nyuma kiwekewe taa na mlinzi mmoja mwenye adabu, basi, kwa sababu watu wanaotufulia na kutulelea watoto wanapita pale. Meja akasimama baada yake na hakusubiri makofi yaishe.

"Kesho asubuhi kile kilango tunakijenga kwa matofali," alisema. "Na sikuwasubiri. Walinzi na mbwa wameshafika, leo hii wako kule nyuma. Atakayekutwa kwenye ule ukuta jioni, hatutapoteza muda kumuuliza jina. Mtalala mmeacha milango wazi!"

Watu wakashangilia. Mama Pasi, kule nyuma karibu na geti la shule, alishika mkoba kwa mikono yote miwili. Alitazama juu. Jua lilikuwa bado lina nguvu, lakini lilikuwa limeshainama upande wa ukuta.

Kura pale hazikupigwa kwa karatasi. Waliwahi kutumia karatasi, ikagundulika siku moja kwamba karatasi ni nyingi kuliko nyumba, na tangu hapo walikubaliana kusimama kwa mistari: unayemtaka, unasimama nyuma yake mchana kweupe, Mfamasia anahesabu. Nyumba moja, kura moja. Mume na mke husimama pamoja na huhesabiwa kichwa kimoja. Mwalimu aliinuka bila kumtazama mkewe, akaenda kusimama mstari wa Meja, karibu na mbele.

Mama Pasi naye akainuka. Alikusudia kumfuata, nadhani, kama alivyomfuata siku zote. Lakini miguu ilikwenda kwingine. Alipogutuka alikuwa kwenye mstari wa Mkunga, nyuma ya mzee mmoja mrefu mwenye koti pana, naye akajikunyata hapo akitumaini kwamba katika watu wote wale mwanamke mmoja mfupi hataonekana. Hakuwa amefanya ujasiri wowote. Alikuwa ameogopa kitu kimoja zaidi ya kingine.

Mfamasia alihesabu mstari wa Meja, akahesabu wa Mkunga. Akarudia. Kisha akasimama kwenye kona, akavua miwani.

"Hii nyumba ya Mwalimu," alisema, "imesimama wapi?"

Vichwa vikageuka. Mzee wa koti pana akasogea pembeni kwa ustaarabu, Mungu amsamehe, na Mama Pasi akabaki wazi mbele ya mtaa mzima. Mwalimu alimtazama kutoka mstari wa Meja kama mtu aliyeona gari lake linaondoka lenyewe. Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Leo kuna nyumba hakutapikwa."

"Nyumba iliyogawanyika haihesabiwi," Mfamasia akaendelea. "Na nikiitoa hiyo, mistari imelingana sawasawa. Angesimama na mumewe, Meja angekuwa ameshinda."

Kelele zilizofuata sitazieleza. Wapo waliotaka kurusha sarafu, wapo waliotaka uchaguzi mwingine, wapo waliotaka kwenda nyumbani. Mfamasia akafungua katiba ya chama, kijitabu ambacho kila mtu alikuwa nacho na hakuna aliyekisoma, akasoma kwa sauti: kura zikilingana, na ikiwapo nyumba iliyogawanyika, wenye nyumba hiyo watapewa nafasi ya faragha wakubaliane, na neno lao ndilo litakaloamua.

"Ingieni darasani," akawaambia. "Mkitoka, mtoke na mstari mmoja."

Meja akampigapiga Mwalimu begani alipopita. "Kamweke sawa mama, sisi tunasubiri."

Darasa lilikuwa na harufu ya chaki na maziwa. Ukutani kulikuwa na picha za wanyama, kila mnyama na herufi yake, na vikombe vya plastiki vimetundikwa kwenye misumari kwa safu. Viti vyote vilikuwa vya watoto. Walikaa hivyohivyo, magoti yakiwakaribia videvu, wakitazamana juu ya meza yenye rangi ya njano. Mahali pengine wangecheka. Mama Pasi alikaa akielekea dirisha, maana alitaka kuona mwanga.

"Una nini leo?" Mwalimu alisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa watoto wa watu walikuwa wanachungulia. "Umeniaibisha mbele za watu. Mstari gani ule? Mkunga amekupa nini?"

"Hajanipa kitu."

"Sasa?"

Mama Pasi alitazama tena dirishani. Nje mtu alikuwa anaanzisha wimbo wa kumsifu Meja, na wengine wakaitikia. Mwalimu akajisogeza, kiti kikalia.

"Sikia. Unajua nani aliyemwambia Meja akifunge kile kilango? Mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Kwa ajili yako." Akafuta uso kwa kiganja. "Nimekuona. Mwezi uliopita nilikuwa nimerudi mapema, nikasema nije nikupokee njiani. Nikakuona umesimama pale na jitu. Limejifunika kofia mpaka puani. Linanyoosha mkono, wewe unalikabidhi vitu vyako. Ukaja nyumbani hata kikombe hukishiki kwa kutetemeka. Nikajua unatozwa ili upite. Kila jioni unatozwa, na huwezi kumwambia mtu, maana wewe nakujua."

Mama Pasi aliacha dirisha, akamgeukia.

"Mbona hukuniuliza?" alisema.

Mtu aliyeishi naye miaka yote ile, aliyekuwa na jibu kwa kila jambo kuanzia siasa mpaka namna ya kukata kitunguu, alitazama vikombe vya watoto ukutani.

"Niliogopa," alisema.

Mama Pasi hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa mumewe. Lilimwogopesha kuliko vile mumewe angemfokea, kwa sababu kama na yeye anaogopa, basi nani alikuwa ameshika usukani nyumbani kwao?

"Niliogopa utaniambia kitu nisichokiweza," Mwalimu akaendelea. "Nikaona bora nimwachie Meja. Nikamwonyesha mahali, nikamwambia na saa. Nikamwambia huyo mtu asikamatwe tu. Nikamwambia wamvunje miguu, asirudi tena."

Alilisema kama mtu anayetoa zawadi. Dirishani mwanga ulikuwa umeanza kuwa wa rangi ya chungwa.

"Ni Babu," Mama Pasi alisema.

"Nani?"

"Yule mtu. Ni Babu. Ni mtoto wako."

Mguu wa Mwalimu ulikanyaga sakafu kwa nguvu, meza ya njano ikaruka. Akabaki ameukanyaga vilevile.

"Uongo."

"Ni yeye. Kila jioni ananisubiri. Nampa chakula. Hajawahi kuniomba hela, hajawahi kuvuka ule ukuta. Ulimwambia asivuke kizingiti, hajavuka." Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na maneno nayo, mengi kuliko aliyowahi kusema mfululizo. "Nilitaka kukwambia. Kila siku nasema leo. Nikikuangalia usoni naogopa. Nikasema utaenda kumfukuza na pale, halafu nitamtafuta wapi?"

"Haiwezekani. Ningemjua."

Rangi ilikuwa imemtoka Mwalimu usoni, na mikono yake miwili ilikuwa imeshika ukingo wa meza ya watoto kama usukani.

"Leo Jumapili. Anakuja na leo?"

"Anakuja. Jua likizama."

Wote wawili wakatazama dirishani.

Walipotoka, wimbo ulikatika. Meja alitabasamu na kumfungulia Mwalimu nafasi mstarini, kwa mkono, kama anayemfungulia mlango wa gari. Mwalimu alipita mbele yake. Alitembea kwa haraka, kichwa chini, mkewe akimfuata nyuma, wakaenda wakasimama nyuma ya mzee wa koti pana.

"Mwalimu," Meja aliita, "umepotea njia?"

"Sijapotea."

"Tulizungumza nini mimi na wewe?"

"Kilango kibaki," Mwalimu alisema. Sauti yake haikuwa na nguvu. Mtu mmoja upande wa pili akasema kwa sauti kwamba sasa tumejua nani anavaa suruali nyumba ile, na kicheko kikazunguka uwanja mzima. Siku nyingine angegeuka na kumjibu. Safari hii hakuonekana hata kusikia. Alikuwa anatazama kivuli cha ukuta, ambacho kilikuwa kimeshafika kwenye bembea za watoto.

Mfamasia akatangaza. Mkunga ameshinda kwa nyumba moja. Upande mmoja ukapiga vigelegele, upande mwingine ukapiga madawati, na Mkunga akaanza kushukuru watu kwa utulivu wake ule, mmoja mmoja. Mwalimu akamwendea kabla hajamaliza.

"Mama, tafadhali. Waondoe wale walinzi. Sasa hivi."

"Nitawaondoa, baba. Kesho tukishakabidhiana."

"Sasa hivi, mama."

"Wale nimewakodi mimi," Meja akaingilia, uso umemvimba kwa hasira. "Kwa mfuko wangu. Mpaka kesho asubuhi wanasikiliza amri yangu, na amri nimeshaitoa. Wewe mwenyewe ulikuja kuniomba, au umesahau?"

Mwalimu hakubishana. Aligeuka akaanza kukimbia. Hakuna aliyewahi kumwona mtu yule akikimbia, maana siku zote alisema mwendo kasi ni wa watu wasiopanga safari yao. Mama Pasi akavua viatu, akavishika mkononi, akamfuata. Walipita nyuma ya nyumba, kamba za nguo zikiwapiga usoni, wakiruka mitaro ya maji machafu, wakipishana na watu waliowaangalia kwa mshangao. Kichwani Mama Pasi alikuwa anasikia kitu kimoja tu, sauti ya mbwa, na alipotega sikio hapakuwa na mbwa, halafu akasikia tena.

Kilango kilikuwa wazi. Mlinzi mmoja alikaa kwenye jiwe upande wa nje, kijana mgeni kabisa, sare bado ina mikunjo ya kwenye mfuko. Mkononi alikuwa na rungu, na mbwa mkubwa mweusi alilala miguuni pake, mnyororo umezungushwa kwenye kiganja. Mwenzake, alisema, amekwenda kuzunguka upande wa pili. Hapana, hajapita mtu. Jua lilikuwa limeshagusa mapaa.

"Asante Mungu," Mama Pasi alisema, akashika nguzo.

"Sikiliza, kijana wangu," Mwalimu alisema, akihema. "Atakuja mtu hapa. Ni mtoto wangu. Usimguse, unasikia? Mwachie apite."

"Mzee, mimi nimeambiwa hapiti mtu. Wanapita wengi hapa, mimi nitamjuaje?"

"Utamjua tu."

"Yukoje?"

Mwalimu akanyoosha mgongo. "Mrefu," alisema. "Mrefu kunizidi mimi. Ana mwili, amejazia, mashavu hivi." Akaonyesha kwa mikono. "Anatembea kifua mbele, anarusha mikono, utadhani anakwenda kupokea zawadi. Ndevu hana. Akicheka macho yanafumba. Anacheka sana, huyo. Hata ukimgombeza, anacheka."

Aliendelea hivyo, na kadiri alivyoendelea sauti yake ililainika. Tangu ile siku ya betri hakuwa amemtaja mwanawe, na sasa alikuwa kama mtu aliyepewa ruhusa. Mama Pasi alimsikiliza. Alitaka kumkatiza, akamwonea huruma, akasema nimwache amalize, kisha nitasema. Mlinzi alikuwa anatikisa kichwa, anashika maelezo.

Mbwa akainua kichwa.

Njiani, chini ya ukuta, mtu alikuwa anakuja. Alitembea taratibu, bega moja limeshuka, anaburuta mguu kidogo, mkono mmoja unagusa ukuta kama anayejishikilia. Alikuwa mwembamba sana. Kofia ya sweta ilikuwa imerudi nyuma, na kwa mwanga uliobaki ulionekana uso mkavu wenye ndevu za vishungi, uso wa mtu ambaye ungemkadiria umri wowote. Aliwaona watu kilangoni, akasita.

Mlinzi alisimama. "Ni huyu, mzee?"

Mwalimu alikunja macho, akatazama vizuri.

"Hapana," alisema. "Siye."

Mnyororo ukaachiwa.

Mama Pasi, mwanamke aliyeogopa simu, alipiga yowe ambalo watu walilisikia mpaka kule kwenye turubai. "Ndiye! Ndiye! Ndiye huyo!" Alikuwa ameshakimbia. Alimpita mbwa, au mbwa alimpita, hata mwenyewe hakujua, ila alimfikia mwanawe kwanza, akamkumbatia na kumgeuzia ukutani, mgongo wake yeye ukabaki nje. Aliyasikia meno yakishika kitambaa cha gauni, na gauni likichanika. Kisha mlinzi akawa ameurukia mnyororo, anavuta kwa uzito wake wote, anamtukana mbwa, anaomba radhi, mama nisamehe, mimi nimeambiwa siye, mimi nimeambiwa.

Babu alikuwa amechuchumaa chini, mikono yote miwili juu ya kichwa, viwiko vimefunika masikio. Alijua namna ya kukaa hivyo.

Mwalimu alikuja. Alikuja polepole, kama mtu anayetembea gizani katika nyumba asiyoijua. Akasimama mbele yao, akainama, akamtazama yule mtu usoni kwa karibu, na Mama Pasi aliona wazi kwamba bado anatafuta. Alitafuta kwenye macho, kwenye paji la uso, kwenye mdomo ulioingia ndani mahali meno yalipokosekana.

"Shikamoo, baba," Babu alisema, bila kushusha mikono.

Sauti ilikuwa ileile.

"Marahaba," Mwalimu alisema, akakaa chini kwenye vumbi karibu na mwanawe. Kisha akamwinulia mlinzi uso, naye mlinzi bado anahangaika na mnyororo.

"Ndiye huyu," Mwalimu alimwambia. "Washa tochi umtazame vizuri, kesho usije ukamkosea."

Mlinzi akawasha tochi, akamulika, na Mwalimu naye akatazama.